Imam Abu Hanifa: Kijana wa dukani aliyejiuliza asome nini

KILA matokeo ya Kidato cha Sita yanapotoka, nyumba nyingi za Waislamu hapa mijini huingia katika mjadala uleule. Kijana kafaulu, alhamdulillah. Baba anataka asome udaktari. Mjomba anashikilia uhasibu, kwamba ndio wenye ajira. Rafiki zake watatu wamekwishajaza sheria, basi na yeye anajaza sheria. Mwenyewe kakaa pembeni kimya, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Miaka minne baadaye unamkuta ana shahada yake, kazi kapata, lakini kila Jumatatu asubuhi anakwenda ofisini kama mtu anayepelekwa jela.

Ndugu msomaji, mjadala huu ni wa zamani sana. Zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu iliyopita, kijana mmoja muuza vitambaa alikumbana nao katika mji wa Kufah, Iraq. Leo hii mamilioni kwa mamilioni ya Waislamu, kuanzia Uturuki mpaka Bangladesh, wanaswali na kufunga ndoa kwa mujibu wa madhehebu yanayobeba jina lake. Wengi tunamjua kama Imam mkubwa, Imam wa Imam. Wachache wanajua kwamba alichelewa kuanza, kwamba alianza na fani nyingine, na kwamba aliiacha.

Jina lake ni Nuuman bin Thabit. Alizaliwa mwaka 80 Hijria, sawa na 699 Miladia, wakati Bani Umayya wakitawala. Hakuwa Mwarabu kwa asili. Wapokezi wengi wanasema babu yake, Zuta, alitokea pande za Kabul katika nchi ambayo leo ni Afghanistan. Familia yao ilikuwa ya kibiashara na mwenyewe akashika biashara ya khazz, kitambaa cha thamani kilichofumwa kwa hariri na sufi. Alikuwa na duka mjini Kufah, na duka hilo hakulifunga hata alipokuwa mwanachuoni mkubwa. Jambo hili tutalirudia, maana lina uzito kuliko linavyoonekana.

Kufah haikuwa mji wa kawaida. Ilijengwa mwaka 17 Hijria, katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (R.A), na ni Umar huyohuyo aliyempeleka Abdallah bin Mas'ud (R.A) akawafundishe watu wake. Baadaye Sayyidna Ali (R.A) akaufanya makao ya ukhalifa. Kwa hiyo kijana aliyekulia pale aliikuta elimu mlangoni. Hapakuwa na fomu za maombi wala ada ya usajili. Unaingia msikitini, huku sheikh huyu anasomesha Qur'an, kule yule anapokea hadithi, pembeni wengine wanabishana lugha na nahau. Unachagua pa kukaa. Na tatizo, kama anavyolijua kijana yeyote aliyefungua kitabu cha mwongozo wa vyuo, ni hapo kwenye kuchagua.

Kilichomtoa dukani ni maneno ya mtu mzima mmoja. Imam Amir al-Sha'bi, mwanachuoni mashuhuri wa Kufah, alimwona akipita, akamwita, akamuuliza anakwenda kwa nani. Nuuman akataja mfanyabiashara fulani sokoni. Al-Sha'bi akamfafanulia kwamba hakuwa akiulizia soko, alikuwa akiulizia wanavyuoni. Nuuman akakiri kuwa kwa hao haendi sana. Hapo al-Sha'bi akamsihi asighafilike na elimu na kukaa na watu wake, kwa sababu anamwona ni kijana mchangamfu wa akili.

Angalia alichofanya al-Sha'bi, na alichokiacha. Hakumwambia asome fani gani. Hakumwita kwenye darsa lake mwenyewe, ingawa kijana mwerevu ni pambo la darsa la sheikh yeyote. Hakumwambia auze duka. Alimweleza tu alichokiona kwake, akamwachia njia. Wazazi na walimu wa leo tuna mazoea ya kuanza na jina la kozi kabla hatujamtazama mtoto mwenyewe.

Nuuman akaanza na mijadala ya itikadi, ile fani ambayo baadaye ilikuja kujulikana kama Ilmul-Kalam. Ilikuwa na mvuto mkubwa kwa kijana mwenye ulimi mwepesi. Makundi yalikuwa mengi, Khawarij na wengineo, na uwanja wa mapambano ulikuwa Basra, kusini mwa Iraq. Inapokewa kwamba alisafiri kwenda Basra zaidi ya mara ishirini, mara nyingine akikaa huko mwaka mzima au karibu yake, akibishana. Jina likaanza kutajwa. Kwa lugha ya leo, alikuwa kwenye kozi yenye sifa, anafaulu, na watu wanamwelekeza kidole njiani.

Kisha akaja mwanamke.

Halaka ya Nuuman ilikuwa jirani na ya Sheikh Hammad bin Abi Sulayman, faqihi wa Kufah. Mwanamke huyo, ambaye historia haikuhifadhi jina lake, alimwendea Nuuman na swali la kawaida kabisa la nyumbani: mwanamume anataka kumwacha mkewe kwa kufuata Sunna, afanyeje? Bingwa wa mijadala ya Basra hakuwa na jibu. Akamwelekeza kwa Hammad, akamwomba akishajibiwa arudi amweleze na yeye. Mwanamke akaenda, Hammad akampa hukumu kwa ufasaha, namna talaka inavyotolewa mke akiwa katika tohara na namna eda inavyohesabiwa. Akarudi akamweleza. Nuuman, kama inavyopokewa, akachukua viatu vyake, akahama halaka siku hiyohiyo.

Ipo pia simulizi nyingine maarufu zaidi, ambayo wahadhiri wetu wanaipenda. Kwamba alipotaka kusoma aliipanga mbele yake kila fani na kuuliza mwisho wake ni nini. Nikihifadhi Qur'an na kuisomesha, mwisho atatokea mwanafunzi anayenizidi. Nikishika hadithi nitazeeka nikosee nituhumiwe uongo. Nikiwa mwanasarufi nitaishia kufundisha watoto kwa dinari mbili tatu. Nikiwa mshairi nitawasifu watu ili wanipe. Mpaka akafika kwenye fiqhi, akaona hiyo haina kasoro. Simulizi inavutia, lakini Imam al-Dhahabi, mwanahistoria mkubwa aliyefariki mwaka 748 Hijria (1348 Miladia), aliikataa kwa ukali na kuiona ni ya kutungwa, na mwandishi wa makala haya anaona al-Dhahabi ana haki. Haifanani na Abu Hanifa tunayemjua kuidharau Qur'an na hadithi kwa hesabu ya dinari. Inafanana zaidi na mtu wa zama za baadaye anayetaka kuipandisha fiqhi kwa kuzishusha nyingine, kama tunavyosikia leo kuwa sayansi ni za wenye akili na sanaa ni za waliobaki.

Kisa cha mwanamke kina nguvu zaidi. Ndani yake kuna jambo ambalo kijana anayejaza fomu leo anaweza kulishika. Nuuman hakuhama kwa sababu ya mshahara, wala kwa sababu fani ya kwanza ilimshinda. Alihama baada ya kuiona kazi yenyewe inavyofanyika: mtu anakuja na shida, anakaa mbele yako, unaifungua shida yake kwa elimu uliyonayo, anaondoka amepata nafuu. Aliiona siku moja ya mtu anayeifanya kazi hiyo, akajijua kwamba siku za namna hiyo ndizo anazozitaka. Ni vijana wangapi wanaochagua uhandisi bila kukanyaga eneo la ujenzi hata mara moja, au uuguzi bila kukesha wodini hata usiku mmoja na mtu anayeifanya kazi hiyo? Wanachagua jina litakalotajwa siku ya harusi.

Na hakuhamia mahali pepesi. Alikaa kwa Hammad miaka kumi na minane. Darsani alihifadhi masomo kuliko wenzake, mpaka sheikh akaamuru asikae mwingine mbele ya halaka isipokuwa yeye. Baada ya miaka kumi hivi, nafsi ikamshawishi ajitenge aanzishe halaka yake. Alitoka jioni moja akiwa na nia hiyo kabisa, lakini alipoingia msikitini na kumwona mwalimu wake, moyo ukamwia mzito, akaenda kukaa mahali pake pa siku zote. Ikawa usiku uleule zikaja habari kutoka Basra kwamba jamaa yake Hammad amefariki, ameacha mali, na mrithi ni Hammad tu. Sheikh akasafiri, akamwacha Nuuman kwenye kiti chake.

Alikaa miezi miwili. Akaulizwa maswali ambayo hakupata kuyasikia kwa mwalimu wake, akawa anajibu na kuyaandika majibu yake. Hammad aliporudi, Nuuman akamwekea mbele maswali hayo, yalikuwa kama sitini. Sheikh akamwafiki katika arubaini, akamkosoa katika ishirini. Mwanafunzi aliyepata arubaini kwa sitini leo hufanya sherehe. Nuuman aliziangalia zile ishirini, akala kiapo kwamba hatamwacha Hammad mpaka mmoja wao afe. Hammad alifariki mwaka 120 Hijria, sawa na 738 Miladia, na hapo ndipo Abu Hanifa akakalia kile kiti, akiwa na umri wa miaka arubaini.

Hesabu za umri zina faida hapa, maana kijana wa miaka ishirini na mbili aliyekosa ajira mwaka wa kwanza baada ya kuhitimu hudhani maisha yamemwacha.

Hakuna alichokisoma kabla kilichopotea. Uhodari wa kubishana alioupata Basra aliuhamishia kwenye fiqhi. Darsa lake halikuwa la sheikh kusema na wanafunzi kuandika. Alikuwa akiweka suala mbele, kila mmoja anatoa hoja yake, wanavutana, wakati mwingine siku kadhaa, ndipo linaandikwa. Alipenda pia masuala ambayo bado hayajatokea. Likitokea je, hukumu itakuwaje? Wapo waliomlaumu kwa hilo. Lakini ukisoma habari za darsa lile unaona watu wanaoifurahia kazi yao, na wa kwanza wao ni mwenye kiti.

Na duka nalo likamfaa. Mlango wa mauzo katika fiqhi, salamu, murabaha, ushirika, hiari ya kurudisha bidhaa, kwake haukuwa maneno ya kitabuni. Alikuwa anajua dalali anavyozungumza na mshitiri anavyodanganywa. Mwanamke mmoja alimletea nguo ya hariri akiiuza dirhamu mia. Abu Hanifa, ambaye ndiye mnunuzi, akamwambia thamani yake ni zaidi. Mwanamke akapandisha mia nyingine, naye akazidi kukataa, mpaka zikafika mia nne. Aliposema bado ni zaidi, mwanamke akadhani anafanyiwa mzaha. Akamtaka alete mtu mwingine aithamini, na mwisho akainunua kwa mia tano. Mara nyingine mshirika wake Hafs aliuza vitambaa akasahau kumwonyesha mnunuzi kasoro iliyokuwamo, na mnunuzi hakujulikana aliko. Abu Hanifa akaitoa sadaka fedha yote ya mauzo yale.

Lakini faida kubwa ya duka ilikuwa nyingine: lilimpa uwezo wa kusema hapana. Hili ndilo lililoamua mwisho wake.

Mwishoni mwa dola ya Bani Umayya, gavana wa Iraq, Yazid bin Umar bin Hubayra, alitaka kumpa cheo. Wapo wanaosema ni ukadhi wa Kufah, wapo wanaosema ni hazina. Akakataa. Akachapwa viboko, inapokewa mia na kumi, kumi kila siku, na bado akakataa. Alipoachiwa akaenda Makka akakaa huko mpaka utawala ulipobadilika. Wakaja Bani Abbas. Khalifa Abu Ja'far al-Mansur, mjenzi wa Baghdad, naye akamwita, naye akamtaka awe kadhi. Abu Hanifa akamweleza kuwa hafai kwa kazi hiyo. Khalifa akamwambia anasema uongo. Akajibu kwamba basi Khalifa mwenyewe amekwishatoa hukumu, kwani ikiwa ni mwongo hafai kuwa kadhi, na ikiwa ni mkweli, amekwishasema kuwa hafai. Akatiwa gerezani. Alifariki Baghdad mwaka 150 Hijria, 767 Miladia, na wapokezi wengi wanasema alifia kifungoni. Mtaa alikozikwa unaitwa Adhamiyya mpaka leo, kutokana na lakabu yake ya Imam mtukufu zaidi.

Sisi tungesema huyu alikataa ajira ya fani yake. Kasoma sheria miaka kumi na minane, serikali inampa nafasi ya juu ya sheria, anakataa! Kwa jicho letu, shahada ni ngazi na cheo ndicho dari. Yeye aliona kazi aliyoichagua ni kuifungua shida ya mtu kwa elimu, bila mtawala kusimama nyuma ya bega lake. Ukadhi wa al-Mansur ulikuwa na jina la fani ileile, lakini siku zake zingekuwa nyingine kabisa.

Hata hivyo asichukuliwe kuwa kanuni kwa kila mtu, maana mwanafunzi wake mkubwa alifanya kinyume chake.

Huyo ni Ya'qub bin Ibrahim, anayejulikana kama Abu Yusuf, aliyezaliwa mwaka 113 Hijria. Kwao kulikuwa na ufukara. Katika pokezi moja, baba yake alimkanya akimwambia asinyooshe mguu wake pamoja na Abu Hanifa, kwa kuwa Abu Hanifa ana chakula chake na wao hawana. Katika pokezi nyingine baba alikwishafariki, na mama ndiye aliyempeleka kwa dobi ajifunze kazi. Mtoto akawa anatoroka kwa dobi anakwenda kukaa kwenye halaka. Mama akawa anamfuata msikitini, anamkamata mkono, anamrudisha kwa dobi. Jambo likajirudia mpaka mama akamjia juu Abu Hanifa kwamba ndiye anayemharibia mwanawe. Huyu ni yatima, yeye anamlisha kwa kusokota nyuzi, na anataka naye apate senti za kujisaidia.

Simulizi nyingi humfanya mama huyu kuwa mjinga. Si haki. Alikuwa na mtoto, hana mume, na kazi ya dobi ilikuwa na malipo ya jioni, wakati darsa halikuwa na malipo yoyote. Mzazi wa Manzese au wa Majengo anayemsukuma mwanawe kwenye kozi fupi yenye ajira ya haraka, huku mtoto analilia jambo lingine, naye ana hesabu zake na ni za kweli. Kumhubiria kuhusu vipaji hakumjazi sufuria.

Abu Hanifa alilijua hilo, ndiyo maana hakuishia kwenye maneno. Alipomkosa Abu Yusuf darsani aliuliza habari zake. Siku aliporudi, watu walipotawanyika, akampa mfuko wenye dirhamu mia, akamtaka asiache halaka na zikiisha amwambie. Abu Yusuf anasimuliwa akisema kwamba hakuwahi kumwambia kuwa zimeisha. Kila zilipokaribia kwisha alipewa nyingine, kana kwamba mtu kampasha habari. Fedha hizo zilitoka kwenye khazz. Laiti kila mwenye duka Kariakoo au Eastleigh angekuwa na kijana mmoja wa chuo katika daftari lake namna hiyo, baadhi ya mijadala ya mezani kule nyumbani isingekuwepo kabisa.

Matunda yake ni marefu. Abu Yusuf akaukubali ukadhi ambao mwalimu wake aliukataa, na akawa wa kwanza kuitwa Kadhi wa Makadhi. Alimwandikia Harun al-Rashid kitabu kuhusu kodi na mapato ya dola, Kitab al-Kharaj, ambacho wanauchumi bado wanakirejea. Mwenzake, Muhammad bin al-Hasan al-Shaybani, alishika kalamu na kuihifadhi elimu ya mwalimu wao vitabuni. Na ni kwa Muhammad huyo kwamba Imam Shafi'i, ambaye wengi wetu pwani hii tunafuata madhehebu yake, alikwenda kusoma Iraq. Wanafunzi wa mtu mmoja, fani moja, na kila mmoja akaishika kwa mkono wake.

Siku ile mama alipokuja kulalamika msikitini, Abu Hanifa alimjibu kwa utani kwamba mtoto huyu anajifunza kula faludhaji kwa mafuta ya pistachio. Faludhaji ni tamu ya wanga na asali, jamaa wa halua yetu, na wakati ule ilikuwa chakula cha majumba ya wakubwa. Mama akaondoka akisema mzee huyu kachanganyikiwa. Miaka ikapita, Abu Hanifa akafariki, Abu Yusuf akawa kadhi. Siku moja akiwa mezani na Harun al-Rashid ikaletwa sahani, Khalifa akamhimiza ale, kwa kuwa kitu hicho hakipikwi kila siku. Akauliza ni nini, akaambiwa ni faludhaji kwa mafuta ya pistachio. Abu Yusuf akacheka. Khalifa akataka kujua kinachomchekesha, naye akajaribu kukwepa, lakini Harun akashikilia mpaka akasimuliwa kisa chote, kuanzia kwa dobi.

Harun akastaajabu, akamwombea rehema Abu Hanifa.